Shauri la Nyumba ya Sigi

Wanachama wenzetu watakumbuka kwamba katika mkutano wa mwezi uliopita ilisomwa barua ya mzee mmoja, mwenzetu wa zamani, aliyestaafu kazi ya ukarani na sasa akaa Sigi, chini ya milima ya Amani. Barua ile ilizusha maneno mengi barazani, na baadaye wengi wametuandikia wakitaka chama kitoe shauri lake. Twaona si vema kunyamaza. Jina la mzee hatutalitaja, wala la mkandarasi wake, kwani hatukusudii kumwaibisha mtu.

Habari yenyewe ni hii. Mzee wetu alijenga nyumba yake miaka mingi iliyopita katika mteremko ulio juu ya mto Sigi, ambao wengine huuandika Zigi. Alipopata kiinua mgongo chake alitaka kuitengeneza: paa la zamani liondolewe, nyumba iezekwe kwa mabati mapya, na upande wa nyuma, uelekeao mtoni, viongezwe vyumba viwili na baraza ya kupumzikia jioni. Akapatana na mkandarasi kwa shilingi 15,000,000, akatoa 9,000,000 kabla ya kazi kuanza. Mapatano yao yaliandikwa katika karatasi moja ya daftari la shule. Karatasi hiyo tumeiona kwa macho yetu. Imetaja hesabu ya mabati, imetaja milango na madirisha, hata rangi ya mlango wa mbele imetajwa; walakini neno kibali halimo.

Mzee asema aliuliza habari za kibali, akajibiwa kwa mdomo, "Mzee wangu, hayo niachie mimi." Mkandarasi akana. Yeye asema maneno yake yalikuwa, "Mzee wangu, hayo huku hayaulizwi." Hatuna njia ya kujua ni lipi lililosemwa. Lakini matokeo ya maneno yote mawili ni mamoja: kazi ilianza bila ruhusa ya mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuitoa.

Paa likaezekwa, likaisha, nalo ni zuri, halivuji. Kisha msingi wa vyumba ukachimbwa, na kuta zikapanda hata kukaribia kimo cha madirisha. Hapo wakaguzi wakafika na futi yao ya kupimia. Nyumba ya zamani ilikuwa mita 63 kutoka ukingo wa mto. Ukuta mpya wa baraza ulikuwa mita 54 tu. Wakachora alama ya X nyekundu ukutani, ile tuijuayo sote, wakaamuru kazi isimame. Tangu siku ile mafundi hawajarudi. Mkandarasi adai aongezwe 3,000,000, kwani asema amekwisha kununua saruji na mbao na kuwalipa waashi zaidi ya alichopewa. Mzee adai arudishiwe 9,000,000 zote. Na mvua zanyesha juu ya kuta zisizo na paa.

Wengi walionena mkutanini walisimama upande wa mzee, nasi twafahamu sababu. Kiinua mgongo hakiji mara mbili. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwa miaka thelathini, akakaa juu ya kiti kimoja akiandika mambo ya watu wengine, hata akapata fedha ile, haoni vema kuitazama ikiyeyuka katika udongo wa mteremko. Twamhurumia kwa moyo wetu wote. Hata hivyo katika neno moja hatuwezi kuwa upande wake, nalo ni lile aliloliomba mwishoni mwa barua.

Ameomba chama kiseme na mwenzetu aliyeko katika ofisi ihusikayo, ili kibali kiandikwe sasa na kutiwa tarehe iliyotangulia siku ya kuchimbwa msingi. Aliuita "msaada mdogo wa karatasi." Na mkutanini walikuwako watu, tena watu wazima katika kazi, waliotikisa vichwa kwa kukubali.

Sisi twasema hapana, na yatupasa kueleza kwa nini.

Kwanza, kibali hicho kisingeweza kutolewa kwa haki hata kama kingeombwa kwa wakati wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwenzetu mmoja alituambia kwamba Sigi si mji, na kwamba vibali vya ujenzi ni mambo ya Tanga na Dar es Salaam. Ni kweli kwamba Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 yahusu maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango, na mtu wa kijijini aweza kuwa na njia nyingine ya kuomba ruhusa, kwa serikali ya kijiji chake na kwa halmashauri ya wilaya. Lakini sheria ya mita 60 haiulizi mji wala kijiji. Yauliza mto tu. Na mto huu si mto wa hivi hivi. Watoka katika misitu ya Amani, washuka bondeni, na maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani, ndiyo yanywewayo na watu wa Tanga. Wanachama wetu wa Tanga waliomwonea huruma mzee siku ile, wafunguapo bomba zao asubuhi, hunywa maji yaliyopita chini ya baraza ile. Udongo wa mteremko uliochimbwa huenda wapi, kama si huko?

Basi mzee angalikwenda kuomba kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, angaliambiwa siku ya kwanza: paa tengeneza, vyumba ongeza upande wa juu, lakini mtoni usishuke. Hasara yake ingekuwa nauli ya kwenda bomani na kurudi. Watu wengi huona kibali kuwa ni kodi nyingine ya serikali, au mlango wa karani wa kutafutia chai. Hatukatai kwamba wako makarani walioufanya hivyo, nao wametutia aibu sisi sote. Lakini kibali chenyewe ni karatasi ya mwenye nyumba. Ndiyo inayompa haki ya kumwambia mkandarasi, "Hapa ndipo ulipoambiwa ujenge, na hapa sipo."

Pili ni habari ya tarehe. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, wanachama wake walikuwa watu wasio na cheo kikubwa wala mali. Heshima yao ilikuwa katika kalamu. Karani akiandika kwamba barua ilipokelewa tarehe 4, mkubwa na mdogo walijua ilipokelewa tarehe 4. Sisi tulio wana na wajukuu wa kazi ile hatuna urithi mwingine ulio mkubwa kuliko huo, nasi twaombwa tuuvunje kwa ajili ya baraza ya kupumzikia jioni.

Tena wako wanaosema ni nyumba ndogo, haitamwua mtu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la orofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, mchana wa siku ya biashara, na zaidi ya watu 20 wakafa. Iliripotiwa kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Kila mtu katika nchi aliuliza neno moja: nani aliruhusu? Swali hilo hujibiwa kwa kufungua jalada. Jalada likiwa na karatasi iliyoandikwa baada ya kazi na kutiwa tarehe ya kabla yake, swali halina jibu tena, na aliyekufa hana wa kumsemea. Mteremko wa Sigi wakati wa masika si mahali pa kufanyia majaribio ya jambo hilo. Walio na ndugu milimani, Lushoto, Bumbuli, Amani, wajua jinsi ardhi ishukavyo usiku.

Mkandarasi naye asidhani twamsafisha. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 haimruhusu mtu kufanya biashara ya ukandarasi asipokuwa ameandikishwa na Bodi, katika daraja lake. Mzee hakumwuliza cheti, na yeye hakukionyesha. Mtu aliyejenga nyumba za watu miaka mingi hawezi kusema hakujua kwamba mto una mpaka. Alijua, ila aliiona fedha kwanza. Ikiwa kweli alisema, "Niachie mimi," basi amevunja ahadi. Na ikiwa alisema, "Hayaulizwi," amemdanganya mtu aliyemwamini kwa uzoefu wake. Hatuoni ni wapi katika maneno hayo apatapo haki ya kudai 3,000,000 zaidi kwa kuta zitakazobomolewa.

Lakini mzee akitumaini kwamba mahakama itamrudishia 9,000,000 zote, twaogopa atarudi na huzuni kubwa kuliko aliyokwenda nayo. Sheria yetu ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa mfano wa ile ya Bara Hindi ya mwaka 1872, yasema katika kifungu cha 23 kwamba mapatano ambayo lengo lake lakatazwa na sheria ni batili. Kiko kifungu cha 65 kimtakacho mtu aliyepokea faida ya mapatano yaliyoonekana kuwa batili airudishe au alipe fidia. Walakini mahakimu hawapendi kumsaidia mtu aliyeingia katika jambo lililokatazwa hali akijua. Mzee ataulizwa, "Wewe, karani wa miaka thelathini, hukujua?" Nasi twashindwa kumfikiria akijibu nini. Na kama kibali cha tarehe ya nyuma kingekuwamo katika vielelezo vyake, basi mwenye kuulizwa angekuwa ni yeye pamoja na mwenzetu wa ofisini, tena si katika shauri la madai, bali katika kesi ya jinai.

Twashauri hivi. Kazi ya paa haikukatazwa na mtu, nayo imekwisha. Aletwe mwashi mmoja na seremala mmoja wasio ndugu wa mzee wala rafiki za mkandarasi, waithamini kazi ile peke yake: mabati, mbao, misumari na ujira. Thamani hiyo ni haki ya mkandarasi, itolewe katika 9,000,000. Saruji na mbao zisizotumika zihesabiwe na kurudishwa kwa yule ambaye fedha zake zilizinunua. Hasara ya kuta waigawanye nusu kwa nusu, na gharama za kuzibomoa na kuushikilia udongo kwa mawe na majani kadhalika. Kilichosalia kirudi kwa mzee. Hatajipatia vyote, lakini atapata kitu, na atakipata kabla ya masika mengine. Mkandarasi akikataa, hapo ndipo waende mahakamani, na tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, hata mzee aweza kusimama na kujieleza mwenyewe.

Wako watakaosema shauri hili ni gumu kwa mwenzetu. Twalijua. Tulikwenda Sigi Jumapili iliyopita, tukakaa naye chini ya paa jipya, mkewe akatupa chai ya iliki. Tulipopita karibu na nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, ile iliyosalia tangu reli ya Wajerumani ya kutoka Tengeni, na ambayo baadaye ilitengenezwa na kufanywa mahali pa kuwapokea wageni wa Hifadhi ya Amani, mzee alisimama akaitazama kitambo. Alisema tu kwamba madirisha yake ni mazuri. Kisha tukashuka kutazama kuta zake mwenyewe, na X yake nyekundu, ambayo mvua imeanza kuififisha.

Amekubali kuondoa ombi lake la kibali. Badala yake ataandika barua mbili: moja kwa mkandarasi, kumwita katika uthamini wa paa, ya pili bomani, kukiri kwamba kazi ilianzwa bila ruhusa na kuuliza namna ya kubomoa bila kuangusha udongo mtoni. Katibu wa chama amekwisha kuziandaa. Mzee atazitia sahihi Jumamosi, na tarehe itakayoandikwa juu yake ni ya Jumamosi.