Njia Moja ya Bahari Haitoshi

Wananchi wa Unguja wenye umri wa kukumbuka hawana haja ya kuelezwa maana ya giza. Mwezi wa Mei 2008 njia ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka Bara iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa bila umeme kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Njia ikatengenezwa, watu wakashukuru, maisha yakaendelea. Haikutimia miaka miwili, Disemba 2009, giza likarudi, na safari hiyo lilikaa kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Hatuyakumbushi haya kwa nia ya kumlaumu mtu. Tunayakumbusha kwa sababu siku hizi yasikika maneno ya kuridhika, maofisini na mabarazani, kwamba maadamu bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limekamilika, lenye megawati 2,115, basi shida ya umeme ya Visiwani imekwisha. Sisi pia tunalifurahia bwawa hilo. Ni kazi kubwa, na umeme wake hauchafui hewa. Lakini tungependa kuuliza swali moja tu: katika miezi ile ya giza, je, tulikosa umeme kwa kuwa Bara haikuwa nao? La. Umeme ulikuwepo Dar es Salaam, na taa zake zilikuwa zikiwaka. Kilichokosekana ni njia ya kuuvusha.

Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Kabla ya hapo mji uliwashwa kwa mashine za mafuta za Saateni, na kila bei ya mafuta ilipopanda duniani, Zanzibar iliumia. Kwa hiyo uamuzi wa mwaka 1980 ulikuwa wa busara, nasi hatuubezi. Uliwaletea wananchi umeme wa maporomoko ya maji kwa gharama ambayo mashine za dizeli zisingeliweza kuifikia kamwe. Kosa lilikuja baadaye, pale tulipouzoea waya ule mpaka tukasahau kwamba ni waya. Mahitaji yakakua, mahoteli yakajengwa pwani nzima ya kaskazini na mashariki, nyumba zikaungiwa umeme mpaka shamba, na mzigo wote huo ukatundikwa pale pale. Ulipofikisha miaka 28 ukalemewa.

Waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani na kuzinduliwa mwaka 2013, ulilazwa katika mlango ule ule wa bahari, kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Ndugu zetu wa Pemba, ambao kwa miaka mingi walitegemea majenereta ya Wesha, waliungwa na Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, nao wakashukuru kwa haki. Lakini mambo yamekuwa yale yale: kila kisiwa kinaning'inia kwenye njia yake moja. Waya wa Unguja utafikia umri ule wa miaka 28 ifikapo mwaka 2041. Nanga ya meli, hata hivyo, haingoji mwaka 2041.

Pengine wako wasemao kwamba mtu aweza kuvumilia giza, kwani wazee wetu waliishi kwa kandili na vibatari. Wanaosema hivyo wanasahau maji. Katika kisiwa hiki maji ya mfereji hayatiririki kutoka mlimani. Yanavutwa kutoka ardhini kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika, mfereji nao hukauka, na mzigo huwahamia akina mama na watoto wanaopanga ndoo visimani alfajiri. Mvuvi akirudi na samaki hana barafu. Fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi, mshonaji wa cherehani ya umeme, wote hukaa barazani. Mwenye hoteli huwasha jenereta lake na kuipandisha bei. Asiye na jenereta hufunga mlango.

Tena athari haziishii mifukoni. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Oregon, Alfredo Burlando, alizichunguza kumbukumbu za uzazi za Unguja kwa kipindi cha giza la mwaka 2008. Aliona kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito pungufu, na upungufu ulizidi katika sehemu zenye watu wengi ambao kazi zao hutegemea umeme. (Aliona pia kwamba idadi ya waliozaliwa iliongezeka miezi kadhaa baadaye, jambo ambalo barazani halikosi kicheko.) Twaomba maofisa wetu wautafakari uzito huo wa watoto. Mwezi mmoja wa kukosa kipato uliandikwa katika miili ya watu ambao walikuwa hawajazaliwa.

Hivyo basi twaona hapana budi sehemu ya umeme wetu izalishwe hapa hapa Visiwani. Baada ya giza la pili yalifungwa pale Mtoni majenereta ya dizeli ya takriban megawati 25. Hayo ni ya dharura, na dizeli ni ghali na chafu; asiyeamini na akasimame karibu nayo. Jua tunalo bila kulipia ushuru bandarini. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha kwa ajili ya mageuzi ya nishati Zanzibar, na ndani ya mpango huo umo umeme wa jua pamoja na betri za kuhifadhia. Betri hizo si pambo. Watu huwasha taa, feni na televisheni baada ya magharibi, wakati jua limekwisha kuzama, na wakati wa masika mawingu hukaa siku nyingi. Jua bila akiba halitatufaa usiku.

Liko pia suala la ardhi, na hapa twawasihi wakubwa waende taratibu. Unguja ni ndogo. Ardhi ya rutuba ya magharibi isifunikwe kwa vioo vya umeme huku mchele tunauagiza ng'ambo. Na ile ardhi ya mawe ya kusini na mashariki, ingawa huitwa tupu na wapita njia, ina wenyewe, wanaokata kuni na kulima humo, waulizwe kwanza. Kabla ya kufika huko, yapo mapaa ya skuli, ofisi, masoko na maghala ya Serikali, ambayo hayana ugomvi na mtu.

Kuhusu bei, wote wanakumbuka mwaka 2017, pale deni la umeme kati ya Zanzibar na Bara lilipofikia hatua ya kutishiana kukatiana, na vibatari vikatajwa upya na viongozi. Bei ambayo Shirika la Umeme Zanzibar linauziwa umeme imekuwa hoja ya Muungano kwa miaka mingi. Kila megawati tutakayoizalisha wenyewe itatupa sauti katika mazungumzo hayo. Lakini isije ikawa umeme wa jua ukanunuliwa kwa mikataba ya siri, kwa bei ambayo mwananchi ataijua siku anapoongeza umeme kwenye mita yake ya Tukuza. Mama anayepikia makaa, ilhali waya umepita juu ya paa lake, hafanyi hivyo kwa kupenda moshi. Amepiga hesabu.

Twaiomba Serikali itangaze hadharani mambo mawili: ni pampu zipi za maji, hospitali zipi na vituo vipi vya afya vitakavyoendelea kufanya kazi siku njia ya Fumba itakapokatika, na kwa muda gani. Orodha hiyo ibandikwe katika kila ofisi ya sheha, Unguja na Pemba, na kila mwaka wananchi waonyeshwe ni majina mangapi yameongezeka.