Jaribio likifeli, mnalinyamazisha?

Jamani, hii tabia ya kurudia majaribio mpaka yapite imeanza kunikera. Mimi riziki yangu ni kalamu, lakini nina marafiki wanaoandika programu za kompyuta na nimekaa nao vya kutosha. Maven inajenga programu, inaendesha majaribio mia tano, moja linafeli. Mtu anafanya nini? Anabonyeza tena. Likipita, huyoo, kaenda kunywa chai. Likigoma, anaweka -DskipTests, majaribio yote yanarukwa na kazi inakabidhiwa!

Kwenye habari, huko ni kumwuliza shahidi swali lile lile mpaka aseme unachotaka, kisha unachapisha.

Kishawishi nakielewa. Mwaka 2016 Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yana ukigeugeu wa namna fulani: sasa hivi linapita, baadaye linafeli, na msimbo haujaguswa. Google hao! Lakini kigeugeu naye ana sababu zake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichambua miradi huria ya Apache, na miongoni mwa sababu kubwa walizokuta ni majaribio yasiyosubiri kazi nyingine imalizike, na majaribio yanayotegemea nani katangulia.

Hii ya pili ina kisa kizuri. Java 7 ilipotoka mwaka 2011, majaribio yaliyokuwa yakipita miaka yote yakaanza kuanguka. Lawama zikaiendea Java. Kumbe Java haikuwahi kuahidi kuyataja majaribio kwa mpangilio yalivyoandikwa; ilikuwa ikitokea tu. Jaribio la kwanza liliacha data mezani, la pili likaila. Mpangilio ulipovurugika, la pili likakuta meza tupu. Mwaka 2012 JUnit 4.11 ikaweka mpangilio usiobadilika kila mara, lakini uchafu wa mezani uliachiwa wenyewe wausafishe.

Sasa angalia mtu aliyebonyeza tena angejifunza nini hapo. Hakuna. Angefungua ripoti ambazo Maven inaziacha kwenye target/surefire-reports, akaliendesha jaribio hilo peke yake, angeanza kupata picha. Likipita peke yake na kufeli likiwa na wenzake, mtafute aliyeacha uchafu. Likifeli hata peke yake, tazama msimbo, kisha tazama saa. Ndiyo, saa! Jaribio linalolinganisha tarehe ya Dar na ya UTC litapita mchana kutwa, kisha lifeli kati ya saa sita na saa tisa usiku, kwa kuwa huko UTC bado ni jana. Asubuhi ukirudia, linapita. Na programu yenyewe je, ikiwa ndiyo inayoandika tarehe za malipo ya watu?

Najua mtasema bosi anasubiri. Haya, lizimeni hilo moja, na muandike pembeni nani atalishughulikia na lini. Kwani hilo nalo linachukua dakika ngapi?