Lawama kwa Waandishi wa Utoto wa Lamu

Imekuwa desturi sasa kwamba kila atungaye insha juu ya mji wa pwani kabla ya kufikiwa na maendeleo huanza na harufu. Itatangulia asumini, itafuata kahawa chungu, kisha mkate wa mofa, na kabla ukurasa wa kwanza haujakwisha msomaji atakuwa amepitishwa Usita wa Mui nyuma ya punda, ameonyeshwa watoto wakijitupa baharini kutoka gatini, na ameambiwa kwamba siku zile milango haikufungwa. Insha za namna hii juu ya Lamu ni nyingi, na zinazidi. Wanafunzi huziandika kwa mapenzi, walimu huzisahihisha kwa mapenzi, na pande zote mbili hutokwa na machozi ambayo hayakumgharimu mtu senti. Ubaya wake hauonekani upesi, maana hazina uwongo mkubwa ndani yake. Punda walikuwapo, na wapo hata leo. Asumini ilikuwapo. Lawama yake ni kwamba zimeokota katika utoto vile vitu tu visivyomdai mtu deni.

Maneno yenyewe "kabla ya maendeleo" yataka kutazamwa kwa makini. Ayasemaye amekwisha kukubali, bila ya kuulizwa, kwamba mji ulikuwa umekaa ukingoja. Hivyo ndivyo asemavyo mpima ardhi ajaye na ramani, akaiona ghuba ni tupu na pwani haina mwenyewe. Mpima ardhi ana udhuru wake, kwa kuwa ni mgeni na siku zake ni chache. Mwandishi mwenyeji hana udhuru. Akiandika kwamba Lamu ya utoto wake ilikuwa mji wa usingizi mtamu, ambao hakuna aliyekuwa na haraka wala shughuli, amemtilia mpima ardhi sahihi yake chini ya ramani ile.

Itazamwe habari ya majahazi. Hapana insha ya utoto wa Lamu isiyokuwa na matanga yake, na aghalabu matanga hayo ni meupe na jua linakuchwa. Lakini vyombo vile vilifuata nini? Kaskazi ilivileta kutoka Arabuni na Ghuba vikiwa na tende, na kusi ilivirudisha vimesheheni boriti za mikoko, kwa kuwa nchi zile hazina miti ya kuezekea nyumba. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na biashara yake ina msamiati mzima ambao mwanafunzi wa Kiswahili angalitarajiwa kuuonea wivu. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo na vigingi, kila jina na unene wake, kutoka ule wa kidole gumba mpaka ule wa paja na kuzidi. Miti hiyo haikuhesabiwa mmoja mmoja. Ilihesabiwa kwa korija, na korija ni miti 20. Wakataji walikaa mikokoni siku nyingi mfululizo, wakiishi kwa saa za maji: yakijaa huingiza chombo ndani ya mkondo, yakipwa hushuka matopeni wakakata na kuburura. Bamvua na maji mafu yalikuwa kalenda yao ya kazi. Aliyekosea kusoma maji alilala na mzigo wake juu ya tope mpaka bahari ilipomrudia.

Boriti ndizo zilizoamua hata umbo la nyumba. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na wageni hukisifu chembamba hicho kana kwamba ni mawazo ya msanifu. Sababu yake ni kwamba chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti inayobeba dari. Kwa mikoko ya Lamu urefu huo haukufika mita 3. Mtoto aliyelala ndani ya chumba kile akihesabu boriti juu ya kichwa chake alikuwa akihesabu kazi ya mtu, na yamkini mtu huyo alikuwa jirani yake. Mwandishi wa leo hukumbuka kwamba alihesabu. Hakumbuki alichokuwa akikihesabu.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Huenda amri ile ilikuwa na haki, maana mikoko ikikatwa bila ya kiasi hukatika pia malezi ya samaki na kinga ya pwani, na jambo hilo lafaa kujadiliwa. Lakini ni tukio. Ni soko la vizazi na vizazi lililofungwa kwa tamko moja. Ikiwa kuna siku ambayo mtoto wa Lamu wa wakati ule aliamka katika mji mmoja akalala katika mwingine, siku hiyo yastahili kuhesabiwa. Msomaji na azipekue insha za utoto atazame ni ngapi zinazoutaja mwaka huo. Atakuta tiara zilizopaa mwaka ule ule, na maembe yaliyoliwa mwaka ule ule. Hatamkuta baba aliyeacha kwenda mikokoni, wala chombo kilichopandishwa pwani kikakaa mpaka mbao zikaachana.

Uchaguzi huu wa kumbukumbu hauwaonei wafanyakazi peke yao. Waifuta pia historia chungu ya mji. Yasemwa milango haikufungwa. Milango ya nani, na kwa nani? Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni, nyumba za mawe na nyumba za makuti, na mtoto wa kila upande alijua mapema sana mahali ambapo angekaribishwa ndani na mahali ambapo angesimama darakani. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria ya pwani ya Kenya mwaka 1907. Wazee waliozaliwa katika utumwa waliishi miaka mingi baada ya hapo, na wajukuu zao waliokwenda chuoni na kucheza mdako wako hai. Wikio, lile daraja lipitalo juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, husifiwa kwa uzuri wa kivuli chake. Na lina kivuli kizuri kweli. Liliwawezesha wanawake wa nyumba kubwa kutembeleana pasipo kukanyaga njia. Katika karne ya 19, bibi wa nyumba hizo alipolazimika kutoka alikwenda ndani ya shiraa, hema la nguo lililochukuliwa na watumwa wake wakitembea pamoja naye. Anayeandika juu ya wikio asimtaje aliyekwenda chini yake na mtungi kichwani, ameandika nusu ya wikio.

Hata Maulidi, ambayo ndiyo pambo la insha hizi zote, yanasimuliwa kana kwamba yalishuka na mvua. Habib Swaleh, mtu wa asili ya Ngazija aliyehamia Lamu na kuanzisha Riyadha, alikuwa na neno la kuuambia mji. Aliketi na watu ambao wakubwa wa mji hawakupenda waketi darasani, akawafundisha wao na watoto wao, na hilo halikupokewa kwa furaha na kila mtu. Dufu na matari yalikuwa ndani ya mgogoro huo. Mwandishi akumbukaye mdundo wa matari akasahau mgogoro, amechukua mapambo ya harusi akaiacha ndoa.

Hapa atainuka mtetezi na kusema kwamba insha ya fasihi si hati ya mahakama. Utoto una haki ya utamu wake, naye mtu mzima ana haki ya kuukimbilia anapochoka. Hoja hii ina heshima yake, lakini haiitoshi Lamu, kwa sababu Lamu imekwisha kufikishwa mahakamani.

Tarehe 2 Machi 2012 lilizinduliwa jengo la bandari mpya katika Ghuba ya Manda, upande wa bara, mahali paitwapo Kililana. Ili meli kubwa zipite, kitako cha bahari kilichimbwa. Wavuvi na wenyeji wengine walishitaki, na mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilitoa hukumu yake: kwamba haki zao za mazingira safi, za kupata riziki na za utamaduni zilivunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Bandari haikusimama, gati la kwanza lilianza kazi mwezi wa Mei 2021. Mwaka 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, ng'ambo ya kisiwa, na moja ya sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wavuvi wale walisimama juu ya nini? Haikuwa asumini. Hoja yao ilitegemea mambo ambayo kila mtoto wa mvuvi huyajua kabla hajajua kuandika: kwamba vyombo vyao ni vidogo na hawawezi kuihimili bahari kuu, kwamba huvua ndani ya ghuba, mikondoni na kandokando ya mikoko, kila mahali kwa majira yake, kwamba elimu hiyo wameirithi, na haihamishiki kama kiti. Mtoto aliyepelekwa na mjomba wake kutega malema alijifunza fungu lipi linaonekana maji yakipwa, mkondo upi una kina wakati wa kusi, changu hupatikana wapi na kamba huingia wapi. Hizo ndizo kumbukumbu za utoto zilizokuwa na thamani siku ya hukumu. Wavuvi walizibeba vifuani mwao na katika viapo vyao. Msaada gani waliupata kutoka katika insha zetu za Kiswahili? Wakili aliyetaka kujua jina la fungu moja, au desturi ya kugawana mavuno ya wavu baina ya nahodha na mabaharia, angezisoma insha mia akatoka na punda.

Wala si kweli kwamba fasihi ya pwani haikuzoea kukumbuka kwa makini. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya Pate iliyoanguka, hakuiita Pate nzuri akaishia hapo. Alitaja zidaka na vyombo vya kigeni vilivyopangwa ndani yake, taa, kumbi, na wadudu na ndege waliorithi mahali pa wenye nyumba. Alikuwa na haja ya hesabu kamili kwa sababu alikuwa akiushitaki moyo wake mwenyewe, na mshitaki hutaja mali. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili katika baridi ya kule wakati kitabu cha desturi za Waswahili kilipochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kulilia nyumbani, ni yeye. Kitabu kile alichokiandika pamoja na wengine chaeleza malipo ya arusi na nani hupewa nini, mikopo na rehani, aina za watumwa na jinsi walivyotendewa, ngoma na gharama zake. Mwanahistoria wa leo hufanya kazi nacho. Ni nani atakayefanya kazi na harufu ya kahawa?

Kuna pia kundi jingine, nalo ni dogo, lisemalo kwamba kumbukumbu zote za pwani ya zamani ni udhaifu, na kwamba aliyekulia katika nyumba ya taa ya kandili hana analolilia. Kundi hili lina ukweli mmoja usiopendwa barazani. Malaria iliua watoto. Mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku alingoja chombo na maji. Mtu akumbuke na hayo, kwa majina ya maradhi na kwa hesabu ya ndugu waliozikwa, na hapo ndipo atakapoweza kusema na mjenzi wa bandari kama mtu anayejua bei ya kila kitu, cha kale na cha sasa. Wizara haiogopi majonzi ya mtu. Yanafaa hata katika vitabu vya kutangazia watalii, chini ya picha ya mlango wa nakshi.

Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo kuta zake zimepigwa picha na kupimwa na kuchorwa mara nyingi. Mawe yamepata watumishi. Boriti haikupata. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 akipakia korija chomboni mwaka 1982 amekwisha kupita 60. Nahodha aliyemwamrisha, kama yu hai, ni mkongwe. Mafundi wa majahazi wa Matondoni wangali wanapima kwa jicho na kulitaja kila taruma kwa jina. Watu hawa huketi barazani baada ya swala ya alasiri na hawana siri. Mwanafunzi wa chuo kikuu huja likizoni na daftari lake, akaamkia kwa adabu, akapewa kahawa, akaketi karibu nao. Kisha huwauliza walikuwa wakicheza michezo gani walipokuwa wadogo.