Spika Sita Sebuleni, na Bado Mama Hasikii

Mama alipotutembelea jijini wakati wa likizo ya Aprili, tulimkalisha kwenye kiti kizuri zaidi sebuleni tukamwashia filamu. Lori lilipita, madirisha yakatetemeka. Mvua ikanyesha, tukadhani ni ya nje. Lakini waigizaji walipoanza kuzungumza, mama aliniinamia akauliza, "Mwanangu, hawa wanasema nini?"

Nilidhani ni masikio ya uzee, nikaongeza sauti. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Nikapunguza, mama akarudia swali lake. Siku ya tatu alisema ni heri asikilize redio yake. Fundi aliyetufungia mitambo hiyo alikuwa na jibu moja tu: amplifaya imechoka, nunueni mpya. Na pesa zilizokuwa nyumbani zilikuwa karo ya mdogo wangu wa kidato cha tatu.

Ni mdogo wangu huyo huyo aliyetuokoa. Alichimbua kijitabu cha maelezo kilichokuwa kingali ndani ya kasha, akakisoma jioni nzima, kisha akaniita nyuma ya runinga.

King'amuzi chetu kilikuwa kimeunganishwa na amplifaya kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeupe. Nyaya hizo hubeba sauti ya njia mbili tu, kushoto na kulia. Hata ukiwa na spika sita, kinachofika ni cha spika mbili. Ili zote zilie, fundi alikuwa ameiweka amplifaya katika mtindo wa ukumbi, ambao hurudisha sauti ile ile pande zote kama mwangwi. Kwaya hupendeza hivyo, lakini mazungumzo huvurugika.

Dolby Digital, iliyoanza katika majumba ya sinema mwaka 1992, hufanya kazi kwa namna nyingine. Sauti ya filamu hutayarishwa kwa njia tano kamili, na ya sita ya mvumo mzito pekee. Ndiyo maana huandikwa 5.1. Spika za mbele, kushoto na kulia, hubeba muziki na mwendo wa vitu. Mbili za nyuma hubeba mazingira: mvua, ndege, umati. Ile ya kati, ambayo wengi huidharau, ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Kumbe mama hakuwa kiziwi!

Msomaji, ikiwa nyumbani kwako mambo ni kama yetu, anza na waya. Kama king'amuzi na amplifaya zote zina tundu la HDMI, toa waya kwenye king'amuzi uuingize katika amplifaya, kisha mwingine kutoka amplifaya hadi runinga. Kama amplifaya ni ya zamani kama yetu, tafuta tundu dogo lililoandikwa OPTICAL kwenye vyombo vyote viwili. Waya wake hupitisha sauti kwa mwanga. Ondoa vifuniko vya plastiki kwenye ncha zake, wala usiukunje.

Kisha fungua menyu ya king'amuzi, sehemu ya sauti. Mara nyingi utakuta PCM na Dolby Digital. Chagua Dolby Digital, kwani ukiacha PCM, huenda ukaendelea kupata njia mbili tu hata kwa waya mpya. Kwenye amplifaya, ondoa mtindo wa ukumbi na uchague tundu ulilotumia. Jina Dolby Digital likitokea kwenye kioo chake, umefaulu.

Mwisho, panga spika. Ya kati ikae juu au chini ya runinga, ikimwelekea mtazamaji. Za nyuma ziwe ubavuni mwa kiti, nyuma kidogo na juu kidogo ya masikio. Wufa usiisukumie kwenye kona, maana kona huongeza mvumo na jirani ndiye huumia. Amplifaya yako ikiwa na mpangilio wa usiku, utumie. Hupunguza vishindo na kuacha maneno yasikike.

Kumbuka pia kwamba si kila kipindi hurushwa kwa njia sita. Taarifa za habari na vipindi vingi vya humu nchini huja kwa njia mbili. Spika za nyuma zikinyamaza wakati wa habari, usikimbilie fundi. Fanya jaribio lako kwa filamu au mechi yenye alama ya Dolby.

Waya tuliununua mtaani kwa pesa zisizofika nauli ya mama ya kurudi nyumbani, na karo ikafika shuleni ikiwa kamili. Jioni hiyo tulirudia filamu ile ile. Mzaha ulipotolewa, mama alicheka kabla yetu sote, kisha akageuka.

"Punguzeni basi," akasema. "Kwani mnadhani mimi ni kiziwi?"