Nembo imeandikwa Hekima, si Elimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya nembo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho, kilichopata hadhi kamili mwaka 1970, kimefika hadi huku Nyanda za Juu Kusini: Mkwawa mjini Iringa tangu 2005, na ndaki ya sayansi za afya hapa Mbeya. Maneno yake ni "Hekima ni Uhuru".

Niliyaandika ubaoni. Darasa la tano wote waliyasoma (hayakuandikwa kwa Kilatini, ashukuriwe aliyeamua hivyo). Nilipouliza maana wakajibu: "Ukisoma sana unakuwa huru." Hapo ndipo penye kosa, na sisi watu wazima tunalo. Haikuandikwa elimu. Jirani yangu alimaliza darasa la saba, akatia sahihi karatasi ya kuuza mahindi yakingali mabichi shambani. Kuisoma aliisoma. Bei ya wakati wa mavuno hakuiuliza, na sasa ananunua unga dukani.

Nawaomba wanachuo wa Mbeya na Iringa, wakija likizo, wapite shuleni kwetu wawaeleze watoto neno lile la kwanza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rungwe, Mbeya.