Waulizwe Wanakijiji
Domrémy ni kijiji kidogo cha wakulima mashariki mwa Ufaransa, katika bonde la mto Meuse, chini ya vilima vyenye misitu. Huko alizaliwa Mtakatifu Yoana wa Arc, aliyechomwa moto mjini Rouen mwaka 1431 baada ya walimu wa teolojia wa Paris kuafiki kwamba ni mzushi. Wasomi, tena wa kuheshimika!

Kesi iliposikilizwa upya, wachunguzi walifika kijijini mwaka 1456. Walitoa ushahidi wakulima, wasimamizi wake wa ubatizo, na rafiki aliyesokota naye nyuzi. Mpiga kengele alisema Yoana alimkemea kila aliposahau kengele ya sala ya usiku, akamwahidi zawadi ili asisahau tena. Mwaka huohuo hukumu ikabatilishwa.

Sisi mafrateri tunapimwa kwa mitihani na ripoti za walezi. Sawa. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1051, inamruhusu askofu kumchunguza mwombaji wa daraja hata kwa matangazo kwa waamini. Yasisomwe mbiombio mwishoni mwa Misa. Mama anayefagia kanisa la kigango anajua kama frateri, akiwa likizo, huwasalimia maskini. Aulizwe, na iwe kabla ya ushemasi.