Ukiacha Kazi, Usiiache Akiba Yako Nyuma



Mwezi huu naomba niache kidogo habari za mbolea na dawa ya viazi, niseme juu ya jambo ambalo huletwa mezani kwangu karibu kila wiki. Kijana wa hapa skimu ameacha kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, au katika majani ya chai huko Kericho, naye amerudi nyumbani kuwasaidia wazee. Ana godoro, ana sanduku, na mfukoni ana barua ya Kiingereza iliyokunjwa mara nne. Swali lake ni moja tu: "Karani, hizi pesa za uzeeni nitazipata lini?"

Mimi hujibu kwa kuuliza: pesa zipi? Kwa maana wengi wana mifuko miwili wala hawajui.

Mfuko wa kwanza ni ule wa taifa, NSSF, ulioanzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Tangu Februari 2023 kila mmoja wao hutoa sita kwa mia ya mshahara, mpaka kiwango cha juu kilichowekwa na sheria. Pesa hizi hazihamishwi kutoka mahali hata mahali, kwa sababu nambari ya mwanachama ni moja maisha yake yote. Mpe mwajiri mpya nambari ile ile, basi. Shida huja pale mtu apotezapo kadi yake, akaona aibu kuuliza, akajiandikisha upya kama mgeni. Sasa ana nambari mbili, na nusu ya jasho lake limelala pasipojulikana. Mwenye kufanya hivyo aende ofisi ya NSSF na kitambulisho chake, aombe nambari ziunganishwe.

Mfuko wa pili ni ule wa kampuni yenyewe, kwa wale waliobahatika kuwa nao. Huu husimamiwa na wadhamini, chini ya sheria ya mwaka 1997 iliyoweka mamlaka ya mafao ya uzeeni, RBA. Hapa ndipo neno kuhamisha linapohusika. Mtu akiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, aweza kuiacha akiba yake pale pale, au aihamishe kwenye mfuko wa mwajiri mpya, au kwenye mfuko wa mtu binafsi uliosajiliwa. Au aweza kuomba alipwe taslimu. Lakini hawezi kulipwa zote: sehemu ya mchango wa mwajiri hufungwa mpaka afikie umri wa kustaafu, ambao huanzia miaka 50. Tena, pesa zikihama kutoka mfuko uliosajiliwa kwenda mwingine hazikatwi kodi. Zikichukuliwa mapema, huenda zikakatwa.

Sasa nitasema maoni yangu, nanyi mniwie radhi. Naona ya kuwa wengi wetu twafanya haraka kuchukua.

Mzee mmoja alinijia na mwanawe, akaniambia kwa ukali kidogo, "Karani, ng'ombe namwona kwa macho. Anakula, anakamuliwa, anazaa. Hizo pesa za Nairobi nani amezikamua?" Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikacheka. Na kusema kweli, hoja yake si ya kipuuzi. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, siwezi kusimama hapa nikamsema vibaya ng'ombe wa maziwa. Mwenye deni la karo linalomnyima usingizi pia simlaumu akichukua ile sehemu anayoruhusiwa.

Lakini tupige hesabu. Tuseme kijana ana miaka 31 na akiba ya shilingi 60,000. Tuseme mfuko unapata faida ya tisa kwa mia kila mwaka, nayo haiguswi. Pesa zikikua hivyo huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane, au karibu na hapo. Akifika miaka 55 atakuwa na kama shilingi 475,000, bila kuongeza hata senti moja. Hapana mfuko unaoahidi tisa kila mwaka, na bei za vitu nazo zitapanda, hilo nalijua. Hata hivyo, ng'ombe wa shilingi 60,000 aweza kufa kwa ndigana kabla ya kuzaa mara ya pili, na hapo hesabu imekwisha.

Na kuna jambo jingine ambalo wazee hawapendi nilitaje. Babu zetu walioingia katika skimu hizi miaka ya 1960 walitegemea shamba liwatunze uzeeni, nalo liliwatunza. Shamba lile lile limegawiwa wana, na wana wakawagawia wajukuu. Wako vijana hapa wanaolima kipande ambacho trekta haiwezi kugeukia ndani yake. Huyo akisema shamba ndilo litakalomlisha akiwa na miaka 70, yafaa aende akalipime kwanza.

Mimi mwenyewe sikuanza na hekima. Kabla ya kuja ofisi hii nilifundisha miaka mitatu katika shule moja ya binafsi. Nilipoondoka niliaga watoto, nikachukua vitabu vyangu, sikuuliza habari ya akiba hata kidogo. Nilipokumbuka, nikakuta miezi saba nilikatwa kwenye mshahara lakini pesa hazikupelekwa. Na jina langu la pili liliandikwa kwa herufi isiyo yangu. Nilikwenda na kurudi karibu miaka miwili. Kilichoniokoa ni karatasi za mshahara ambazo mama alikuwa amezitia katika mfuko wa unga akidhani ni vyeti vyangu.

Kwa sababu hiyo nawaambia vijana: kabla hujapita lango la kampuni, omba taarifa ya akiba yako. Linganisha miezi yake na karatasi zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Tazama jina lako kama linafanana na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Tazama pia jina la mrithi. Wako watu wenye mke na watoto wanne ambao kwenye fomu mrithi bado ni kaka yao, kwa sababu waliijaza wakiwa hawajaoa. Ukikuta miezi imekosekana, dai ukiwa bado hapo. Wadhamini wakikunyamazia, RBA hupokea malalamiko. Na pesa zikikaa miaka bila mwenyewe kuonekana, zaweza kupelekwa kwenye mamlaka ya mali isiyodaiwa, UFAA, chini ya sheria ya mwaka 2011. Huko hazipotei, lakini kuzifuata ni kazi, hasa kwa mjane asiyejua mumewe alifanya kazi kampuni gani.

Aliyerudi shambani moja kwa moja asidhani mlango umefungwa. Mtu asiye na mwajiri aweza kuendelea kuchangia NSSF kwa hiari yake, kwa nambari ile ile ya zamani, hata kwa pesa za maziwa.

Nyinyi watu wa skimu mnajua kutunza karatasi. Barua ya shamba iko katika sanduku la bati chini ya kitanda, na mtoto akiigusa anachapwa. Tieni na za akiba humo.

Yule mzee wa ng'ombe alirudi majuma mawili baadaye, peke yake, bila mwanawe. Alikuwa na karatasi kuukuu ya NSSF, ya kazi aliyofanya zamani katika kiwanda kimoja, kabla kijana hajazaliwa. Yeye amepita miaka 60, naye hajadai kitu. Twaandika barua pamoja. Mwenye karatasi kama hiyo ailete Jumatano asubuhi, siku ambayo hakuna foleni ya mbegu, nami nitamsomea Kiingereza chake.